Kakao katika Bonde la Anacostia: Riverdale Park na Historia ya Utafiti wa Uvimbe wa Tumbo

Mji mdogo wa Riverdale Park, katika Kaunti ya Prince George's ya jimbo la Maryland, uko kwenye bonde la tawi la kaskazini-mashariki la mto Anacostia, maili chache kutoka Washington, mji mkuu wa Marekani. Mkakao hauoti huko, kwa sababu mti huo wa nchi za joto hufa ukipigwa na jalidi ya majira ya baridi, na jina la mji wenyewe halionekani mara nyingi katika vitabu vya historia ya tiba. Pamoja na hayo, katika ukanda unaouzunguka, kuanzia mashamba ya utafiti ya Beltsville upande wa kaskazini hadi maabara za Chuo Kikuu cha Georgetown ng'ambo ya pili ya jiji, ndiko kemikali moja iliyoundwa kwa kuiga ile ya punje ya kakao ilikojaribiwa dhidi ya seli za uvimbe wa utumbo mpana, na ndiko pia serikali ilikoamua ni maneno gani muuzaji wa kakao anaruhusiwa kuyaandika kwenye kopo lake kuhusu afya ya mnunuzi. Historia hiyo inastahili kusimuliwa kwa utaratibu, kwa kuwa inahusu tumaini la wagonjwa, na tumaini la mgonjwa likichezewa huleta madhara makubwa kuliko kukosekana kwake.

Chimbuko la mji ni shamba. Henri Joseph Stier, tajiri wa Antwerp aliyeyakimbia majeshi ya Mapinduzi ya Ufaransa, aliwasili Marekani na familia yake mwaka 1794, na mwaka 1801 akaanza kujenga jumba kubwa lililoitwa Riversdale. Yeye mwenyewe alirudi kwao mwaka 1803, akamwachia kazi hiyo binti yake Rosalie, aliyekuwa ameolewa na George Calvert wa ukoo wa mabwana waliolitawala koloni la Maryland, na jumba likakamilika mwaka 1807. Barua ambazo Rosalie aliwaandikia wazazi na ndugu zake ng'ambo, kwa Kifaransa, zilikuja kuchapishwa mwaka 1991, na kutokana nazo wanahistoria wamejua mengi kuhusu bei za tumbaku, magonjwa ya watoto, ujenzi na biashara za familia hiyo. Kile ambacho barua hizo hazikukieleza kwa haki ni maisha ya watumwa ambao kwa jasho lao tumbaku ililimwa na jumba likatunzwa.

Kwa upande huo ushahidi bora umetoka kwa mtumwa mwenyewe. Adam Francis Plummer, aliyezaliwa mwaka 1819 na kufanya kazi Riversdale, alijua kusoma na kuandika katika wakati ambapo elimu hiyo ilikuwa adimu mno kwa mtu wa hali yake, na tangu mwaka 1841 aliweka daftari la kumbukumbu ambamo aliandika ndoa yake, tarehe za kuzaliwa kwa watoto wake na mambo mengine ya nyumbani. Mkewe Emily alikuwa mali ya bwana mwingine, hivyo familia iliishi kwa kutengana, na binti yao mmoja aliuzwa mbali hadi New Orleans kabla ya utumwa kukomeshwa Maryland mwaka 1864. Daftari hilo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la jamii ya Anacostia, mjini Washington, na mtu anayetaka kujua utajiri uliojenga taasisi za sayansi za eneo hilo ulitoka wapi hana budi kuanzia hapo.

Tumbaku huichosha ardhi haraka. Kufikia katikati ya karne ya 19 mashamba mengi ya Maryland yalikuwa yamepoteza rutuba, na mtoto wa George na Rosalie, Charles Benedict Calvert, aliyezaliwa mwaka 1808, alishawishika kwamba wakulima hawataokoka ila kwa kilimo kinachoongozwa na majaribio, vipimo na elimu ya darasani. Alikuwa miongoni mwa viongozi wa juhudi zilizozaa Chuo cha Kilimo cha Maryland, kilichopewa hati mwaka 1856 na kufungua milango mwaka 1859 kwenye ardhi iliyokuwa ya familia yake. Chuo hicho ndicho kilichokua kuwa Chuo Kikuu cha Maryland kilichopo College Park, jirani kabisa na Riverdale Park. Calvert aliingia Bungeni mwaka 1861, na alikuwa mtetezi mkubwa wa kuundwa kwa idara ya serikali ya kushughulikia kilimo, ambayo sheria yake Rais Abraham Lincoln aliitia saini tarehe 15 Mei 1862 na ambayo leo ni Wizara ya Kilimo ya Marekani. Mtu huyohuyo alimiliki watumwa hadi mwisho, na hakuna njia ya kuutenganisha mchango wake kwa sayansi na kazi ya bure ya kina Plummer iliyompa nafasi ya kufikiria.

Warithi wa Calvert waliuza shamba hilo mwaka 1887 kwa wawekezaji wa New York, likakatwa viwanja vya nyumba kando ya reli ya Washington na Baltimore, na mwaka 1920 kitongoji kikapata hadhi ya mji kwa jina la Riverdale. Jina la Riverdale Park lilirasimishwa mwaka 1998. Kilimo kiliondoka lakini sayansi yake ilibaki pembezoni. Mwaka 1910 Wizara ya Kilimo ilianzisha shamba la majaribio Beltsville, likapanuka likawa moja ya vituo vikubwa vya utafiti wa kilimo duniani, na leo idara ya wizara hiyo inayokagua afya ya wanyama na mimea, yaani inayoamua mmea gani uruhusiwe kuvuka mpaka na mmea gani uzuiwe usije na wadudu au ukungu, ina makao yake makuu ndani ya Riverdale Park kwenyewe. Kakao imo katika kazi za Beltsville tangu zamani: maabara moja huko hushughulikia magonjwa ya kuvu yanayoozesha maganda ya matunda ya mkakao au kuyafanya matawi yachipue ovyo kama fagio, magonjwa ambayo yamefilisi wakulima wengi wa Amerika ya Kusini.

Ili kuelewa jinsi mimea na saratani zilivyokutana katika eneo hili, lazima kwanza kukumbuka mradi wa pamoja ulioanza mwaka 1960 kati ya Wizara ya Kilimo na Taasisi ya Taifa ya Saratani, ambayo iko Bethesda, upande wa magharibi wa Riverdale Park. Wataalamu wa mimea wa wizara walitumwa sehemu nyingi za dunia kukusanya majani, magome na mizizi, na wanakemia wakaitengenezea dondoo, yaani maji au spiriti iliyobeba kemikali za mmea, ili wajaribu kama itaua seli za saratani. Mwaka 1962 mtaalamu wa mimea Arthur Barclay alikusanya magome ya mti mmoja wa jimbo la Washington, magharibi ya mbali, na humo baadaye ilipatikana dawa ya paklitakseli, ambayo sasa hutumika duniani kote, hospitali za Afrika Mashariki zikiwamo.

Mradi huo uligusa pwani ya Waswahili moja kwa moja, ingawa ni wachache wanaoijua habari hiyo. Mwaka 1972 wanakemia wa Marekani walitangaza kwamba wametenga kemikali yenye nguvu ya ajabu, iitwayo maitansini, kutoka katika kichaka cha jenasi Maytenus kilichokusanywa Ethiopia, na kwa kuwa kemikali hiyo ilikuwa kidogo mno ndani ya mmea, wakusanyaji walitafuta spishi nyingine yenye wingi zaidi, wakaipata katika vilima vya Shimba, kusini mwa Mombasa. Mwaka 1976 zaidi ya kilo 27,000 za mmea huo zilivunwa huko kwa ajili ya majaribio. Maitansini huizuia seli kugawanyika kwa kuharibu nyuzi za protini ambazo seli huzitumia kuvuta kromosomu kila upande, lakini wagonjwa waliopewa dawa hiyo katika majaribio ya miaka ya 1970 walidhurika kuliko walivyonufaika, na ikawekwa kando. Miongo kadhaa ilipita kabla ya watafiti kuibandika kemikali ya ukoo huo kwenye kingamwili, yaani protini inayoitambua seli fulani na kujishikiza juu yake, ili sumu ifike kwenye uvimbe bila kusambaa mwili mzima. Dawa hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2013 kwa aina mojawapo ya saratani ya matiti. Wakati huo malighafi yake ilikuwa haitoki tena kwenye kichaka chochote, kwa kuwa ilikwishagundulika kwamba bakteria wanaweza kuizalisha katika matangi.

Afrika Mashariki ilikuwa imechangia jambo jingine zito zaidi. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefika Uganda mwaka 1946 na kufanya kazi kwa miaka mingi katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza mwaka 1958 aina ya uvimbe unaokua kwa kasi kwenye taya za watoto na mara nyingi pia ndani ya tumbo, kwenye figo, ini na ovari. Mwaka 1961 alizunguka maili 10,000 kwa gari, akipita hospitali baada ya hospitali katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, ili ajue ugonjwa huo unapatikana wapi na wapi haupo. Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Bethesda ilishirikiana na Makerere kuanzisha kituo cha tiba ya uvimbe huo Kampala mwaka 1967, na watoto wengi walipona kwa dawa, mojawapo ikiwa vinkristini, inayotokana na ua la Madagaska linalopandwa sana mbele ya nyumba za pwani. Burkitt aliporejea Uingereza aligeukia utumbo mpana, akadai mwaka 1971 kwamba saratani ya sehemu hiyo ilikuwa adimu vijijini Afrika kwa sababu watu walikula vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi. Sehemu ya madai yake imesahihishwa tangu hapo, lakini swali alilolisimamisha, kwamba chakula kinaweza kuuongeza au kuupunguza uwezekano wa uvimbe wa tumbo, liliingia katika maabara za dunia na halijatoka.

Kakao ilikuwa na sifa ya dawa muda mrefu kabla ya hapo. Mwaka 1552, katika chuo cha Tlatelolco, mganga wa Kiazteki Martín de la Cruz aliandaa kitabu cha mitishamba ambacho mwenzake Juan Badiano alikitafsiri kwa Kilatini, na maua ya mkakao yametajwa humo kama tiba ya uchovu. Nakala yake iligunduliwa upya katika maktaba ya Vatikani mwaka 1929, na toleo lenye tafsiri ya Kiingereza likachapishwa Baltimore mwaka 1940, karibu saa moja tu kwa treni kutoka Riverdale. Wanahistoria wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walipopitia maandishi ya karne kadhaa na kuchapisha matokeo yao mwaka 2000, walikuta matumizi ya tiba zaidi ya 100, na walipoyapanga waliona makundi matatu yanayojirudia: kuwanenepesha waliokonda, kuwachangamsha waliochoka, na kulisaidia tumbo lililo dhaifu kusaga chakula na kutoa choo. Hakuna kati ya hayo linalothibitisha chochote kuhusu saratani, wala waandishi hao hawakudai hivyo. Inatosha kusema kwamba tumbo na kakao vilihusishwa mapema sana, na watu walioanza kuvihusisha walikuwa wakulima wa Amerika ya Kati.

Kilichobadilika katika miaka ya 1990 ni uwezo wa kuitenga kemikali moja baada ya nyingine. Punje mbichi ya kakao ina wingi wa flavanoli, kundi la kemikali chungu na kakasi zinazopatikana pia katika majani ya chai na maganda ya zabibu. Flavanoli kuu ya kakao ni epikatekini, na molekuli za epikatekini huungana mbili mbili, tatu tatu, hadi kumi na zaidi, kama shanga kwenye uzi mmoja. Minyororo hiyo ndiyo huitwa prosianidini, na urefu wa mnyororo hubadilisha tabia yake ndani ya mwili. Kampuni ya Mars, watengenezaji wa chokoleti wenye makao yao McLean, Virginia, katika ukanda huohuo wa Washington, iliajiri wanakemia waliojifunza kuipanga minyororo hiyo kwa urefu wake, na mwaka 1996 kampuni ilipewa hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, juu ya dondoo za kakao zenye uwezo wa kuzuia seli za saratani kukua. Ni haki msomaji ajue kwamba muuzaji wa chokoleti ana faida ya wazi katika habari ya aina hiyo. Hata hivyo kosa lingekuwa kuutupa utafiti kwa sababu hiyo peke yake, kwa maana matokeo yaliyochapishwa yanaweza kurudiwa na kupimwa na mtu yeyote mwenye vifaa.

Huko Strasbourg, Ufaransa, mwaka 2002, watafiti walichukua seli za saratani ya utumbo mpana wa binadamu zilizokuzwa katika vyombo vya maabara, wakaziwekea dondoo ya kakao yenye prosianidini, na wakaona ukuaji wake ukipungua kwa kiasi cha asilimia 70, seli zikisimama katika hatua ya kujiandaa kugawanyika. Kisha kazi ikahamia Georgetown, katika Kituo cha Saratani cha Lombardi, ambako kundi lililoongozwa na Robert Dickson lilishirikiana na wanakemia wa Mars. Mwaka 2005 kundi hilo lilichapisha ripoti kwamba mnyororo wa epikatekini tano uliotolewa katika kakao ulizuia seli za saratani ya matiti kukua huku seli za kawaida zikiathirika kidogo mno. Kutenga mnyororo huo kutoka katika punje ni kazi ngumu inayotoa kiasi kidogo, hivyo hatua iliyofuata ilikuwa kuunda kwa mikono ya wanakemia kemikali mpya inayofanana nayo, iliyopewa jina la kifupi la herufi tano, GECGC.

Ripoti kuhusu GECGC ilitoka mwaka 2008 katika jarida la Cell Cycle. Watafiti walikuwa wameijaribu dhidi ya aina 16 za seli za saratani za binadamu, na waliona kwamba seli zinazogawanyika kwa kasi ndizo zilizoathirika zaidi. Mbili kati ya zilizodhurika kuliko zote zilikuwa za utumbo mpana, ambazo ukuaji wake ulipungua kwa nusu. Watafiti wenyewe walisema kwa uangalifu kwamba kemikali hiyo inastahili kuchunguzwa zaidi, ama kwa kukinga au kwa kutibu. Habari ilipofika magazetini na redioni, neno kakao lilitangulia na neno maabara likafuata kwa mbali, na wasikilizaji wengi wakaelewa kwamba chokoleti inapambana na saratani ya tumbo.

Sababu ya kisayansi ya kuutazama utumbo mpana ilikuwa na uzito. Minyororo mirefu ya prosianidini haipenyi kirahisi ukuta wa utumbo mwembamba na kuingia katika damu. Sehemu kubwa huteremka hadi utumbo mpana, ambako bakteria huivunja kuwa vipande vidogo. Kwa hiyo, ikiwa kuna kiungo ambacho kemikali hizo zinakigusa kwa wingi, ni hicho. Watafiti wa Madrid waliifuata hoja hiyo kwa kuwalisha panya chakula ambacho asilimia 12 yake ilikuwa kakao, kabla na wakati wa kuwapa kemikali inayosababisha saratani ya utumbo, na mwaka 2011 wakaripoti kwamba panya hao walikuwa na dalili chache za awali za uvimbe kuliko wenzao waliokula chakula cha kawaida. Kiasi hicho cha kakao hakuna mtu anayeweza kukila kila siku kwa miaka, na mtu anayejaribu kukifikia kwa chokoleti ya dukani atakula sukari na mafuta kupita kiasi, mambo yanayoongeza unene, ambao wenyewe unajulikana kuongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana.

Kuna jambo lingine ambalo wakulima wa Kyela, wilaya inayoongoza kwa kakao nchini Tanzania, watalifahamu haraka kuliko wasomi. Punje iliyotoka katika ganda huvundikwa kwa siku kadhaa ili ichachuke, kisha huanikwa, na bila kazi hiyo haipati harufu ya chokoleti wala bei nzuri katika mnada wa stakabadhi ghalani. Kuchachuka hukohuko hupunguza epikatekini na minyororo yake, kukaanga huipunguza tena, na kiwandani, unga unapotiwa magadi ya kuondoa ukali na kukoleza rangi, hasara huwa kubwa mno. Vipimo vilivyochapishwa Marekani mwaka 2008 vilionyesha kuwa unga wa kakao usiotiwa magadi ulikuwa na wastani wa miligramu 34.6 za flavanoli katika kila gramu, na uliotiwa magadi mengi ulibaki na miligramu 3.9. Unga wa rangi nyeusi tii unaonunuliwa dukani kwa imani kwamba ni dawa umekwisha kupoteza karibu yote yaliyowavutia wanasayansi. Wataalamu wa lishe wa Beltsville walilijua tatizo hili la tofauti kati ya chakula na chakula, wakachapisha jedwali la flavanoli na kemikali za jamii yake mwaka 2003 na la prosianidini mwaka 2004, ili mtu anayesema kwamba chakula fulani kina kemikali fulani aseme kwa kipimo.

Jaribio kubwa kuliko yote lilifanyika kwa binadamu na lilisimamiwa na hospitali ya Brigham and Women's ya Boston pamoja na kituo cha utafiti cha Seattle, likigharimiwa kwa sehemu na Mars. Watu 21,442, wanaume wenye miaka 60 na zaidi na wanawake wenye miaka 65 na zaidi, waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakipewa dondoo ya kakao yenye miligramu 500 za flavanoli kila siku na wengine vidonge visivyo na kitu, bila wao wala madaktari wao kujua nani amepewa nini. Walifuatiliwa kwa muda wa kati wa miaka 3.6. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022: vifo vya maradhi ya moyo na mishipa vilipungua kwa asilimia 27 katika kundi la kakao, jambo linalotia moyo ingawa halikuwa shabaha kuu ya jaribio, na shabaha kuu, yaani jumla ya matukio ya moyo na mishipa, haikupungua kwa kiwango cha kuaminika. Kuhusu saratani, dondoo ya kakao haikuonyesha kinga yoyote. Inawezekana kusema kwamba miaka mitatu na nusu ni michache kwa ugonjwa unaochukua miaka kumi na zaidi kukomaa katika utumbo, na hoja hiyo ni ya haki. Lakini hoja ya kwamba jaribio lilikuwa fupi haiwezi kugeuzwa kuwa ushahidi kwamba kakao inakinga.

Hitimisho la serikali lilitoka jirani na Riverdale Park. Ofisi ya chakula ya Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iko College Park, mwendo mfupi kutoka lilipo jumba la Riversdale, na mwezi Februari 2023 mamlaka hiyo ilijibu ombi la kampuni ya Barry Callebaut iliyotaka ruhusa ya kuandika kwamba flavanoli za kakao hupunguza hatari ya maradhi ya moyo. Ruhusa ilitolewa kwa masharti mazito: maneno yahusu unga wa kakao wenye angalau asilimia 4 ya flavanoli za asili peke yake, yasihusu unga wa kawaida wala chokoleti, na yaambatane na tamko kwamba ushahidi uliopo ni mdogo sana. Uvimbe wa tumbo haukuwamo katika ruhusa hiyo. Kwa maoni ya insha hii uamuzi huo ulikuwa sahihi, na ungefaa kuigwa na mamlaka za dawa na chakula za Afrika Mashariki, ambako unga wa mimea ya kila namna huuzwa sokoni na mitandaoni kwa ahadi za kuyeyusha uvimbe bila muuzaji kuulizwa lolote.

Ukilinganishwa na kichaka cha Shimba, mkakao haukushindwa kwa kuwa ni duni. Vyote viwili vilianza kwa seli zilizokufa katika chombo cha kioo. Maitansini ilipelekwa kwa wagonjwa, ikashindwa, ikatengenezwa upya na kurudishwa kwa wagonjwa tena hadi ikafaulu, kazi iliyochukua zaidi ya miaka 40. GECGC haikuwahi kufikia kuwa dawa iliyoidhinishwa. Jambo la kusikitisha zaidi katika historia hizi mbili ni kwamba majina ya wenyeji waliojua mimea hiyo kwanza hayaonekani kwenye hataza. Wakazi wengi wa Riverdale Park leo wametoka Amerika ya Kati, baadhi yao El Salvador, ambako eneo la Izalco lilikuwa mzalishaji mkubwa wa kakao katikati ya karne ya 16, na mababu zao waliokadiriwa ushuru kwa magunia ya punje hizo hawakupata chochote kutokana nazo, kama vile mkulima wa Kyela, wa Bundibugyo au wa Beni anavyobaki leo na bei ya shambani tu. Utafiti wowote utakaofuata ungepaswa kulirekebisha jambo hilo tangu siku ya kwanza, kwa mkataba ulioandikwa.

Wasomaji wa Kiswahili, wawe katika vitongoji vya Washington au nyumbani Afrika Mashariki, wanaombwa wachukue jambo moja la matumizi. Saratani ya utumbo mpana mara nyingi huanza kama kinyama kidogo kwenye ukuta wa utumbo, ambacho daktari anaweza kukiona na kukiondoa kwa kipimo cha kamera kabla hakijageuka kuwa ugonjwa, na tangu mwaka 2021 jopo la wataalamu wanaoishauri Marekani kuhusu kinga linapendekeza watu waanze kupimwa wakiwa na miaka 45. Mwenye damu katika choo, mwenye choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa bila sababu, anayekonda bila kutaka, au mwenye ndugu wa damu aliyeugua ugonjwa huo, asingojee umri huo wala asijitibu kwa kikombe cha kakao. Aende hospitali, aeleze dalili zake bila haya, na aombe kupimwa.